Mradi si jengo: maswali sita ya kuuliza kabla ya jiwe la msingi

Wadau, haya ni maneno niliyoyasema mbele ya wanafunzi wenzangu. Wengi mliniomba niyaweke hapa, kwa hivyo nimeyaacha karibu vile nilivyoyatamka. Kanuni ya uzi huu ni ile ile: hatutaji mwanasiasa, hatutaji chama. Ukija na jina la mtu kwenye majibu, nitakupita tu. Twende.

1/
Kila mmoja afikirie kwao mashinani. Hukosi jengo moja ambalo watu hulipita bila hata kuliangalia. Inaweza kuwa zahanati iliyopakwa rangi vizuri, ina kibao chenye tarehe ya ufunguzi, lakini mlango una kufuli kwa sababu hakuna muuguzi. Inaweza kuwa soko lenye mabati mapya, na akina mama bado wanauza sukuma wiki ng'ambo ya barabara chini ya mwavuli. Inaweza kuwa tangi ambalo halijawahi kuonja maji ila ya mvua.

Sasa niulize. Hilo jengo liko kwenye orodha ya nani? Liko kwenye orodha ya mtu fulani ya "miradi niliyokamilisha". Kwenye hesabu za serikali linaitwa maendeleo. Pesa zilitoka, mkandarasi akalipwa, utepe ukakatwa, watu wakacheza ngoma. Kilichokosekana ni kitu kimoja tu: huduma.

2/
Ukisikiliza mijadala yetu, mmoja anasema "tutajenga", mwingine anajibu "sisi tutajenga kubwa zaidi". Anayeuliza "kwa nini hiki na si kile?" anaitwa adui wa maendeleo, na hapo mjadala unaisha.

Mimi nasema kuuliza hivyo ndiyo kazi ya raia. Na si kazi ya wachumi peke yao. Mama akitaka kununua ng'ombe wa maziwa huuliza: nyasi zitatoka wapi? Maziwa nitamuuzia nani? Akiugua itakuwaje? Na nikitoa hizi pesa, karo ya watoto italipwa na nini? Hiyo tayari ni tathmini ya mradi. Wasomi wameipa tu majina marefu.

Leo nina maswali sita. Mtu akisimama jukwaani na ahadi ya mabilioni, muulize haya.

3/
SWALI LA KWANZA: Shida ni gani hasa?

Miradi mingi huanza na jibu, halafu shida inatafutwa baadaye. Mtu ameona kitu kizuri kwingine, au kuna mfadhili ana pesa za kitu fulani, basi tunakubali.

Angalia Kalokol, kando ya Ziwa Turkana. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kulijengwa kiwanda cha kugandisha samaki kwa msaada wa Norway. Nia ilikuwa safi kabisa: watu wa Turkana walikuwa wanapoteza mifugo kwa ukame, ziwa lina samaki, basi wavue wauze. Lakini kugandisha samaki kwenye joto lile kunahitaji umeme mwingi na maji safi mengi, na hivyo viwili ndivyo adimu kuliko vyote kule. Gharama ya kupoza samaki ikashinda thamani ya samaki mwenyewe. Kiwanda kilifanya kazi muda mfupi sana kikafungwa. Miaka michache baadaye maji ya ghuba ya Ferguson, walikokuwa wakivua, yakakauka.

Ona kwamba hapa si lazima utafute mwizi. Mradi unaweza kufa bila mtu kuiba hata shilingi. Ulikufa kwenye mchoro, kabla ya tofali la kwanza. Tumezoea kuuliza "nani amekula?" na ni swali zuri, lakini halitoshi. Kuna pesa zinazoliwa na kuna pesa zinazozikwa, na mlipa ushuru anaumia sawasawa.

4/
SWALI LA PILI: Ikilinganishwa na nini?

Hili ndilo swali ninalolipenda zaidi. Mkisahau mengine yote, bakini na hili.

Faida ya mradi haipimwi kwa "kabla na baada". Inapimwa kwa "na mradi" dhidi ya "bila mradi". Ukijenga mfereji wa kunyunyizia shamba, na mwaka huo mvua ikanyesha vizuri, mahindi yataongezeka. Si yote ni ya mfereji. Mengine yangekuja hata kama hukujenga kitu. Mwanasiasa atahesabu yote kuwa yake. Wewe ukate ya mvua.

Halafu kuna njia mbadala. Reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi ilizinduliwa mwishoni mwa Mei 2017. Ina urefu wa takriban kilomita 470 na iligharimu takriban shilingi bilioni 327, sehemu kubwa ikiwa mkopo kutoka China. Mjadala wetu ulikuwa: unataka reli au hutaki reli? Unataka Kenya isonge mbele au ibaki na reli ya mkoloni?

Lakini chaguo hazikuwa mbili. Mwaka 2013 Benki ya Dunia ilitoa uchambuzi kuhusu reli za Afrika Mashariki, ikalinganisha kukarabati reli ya zamani, kuiboresha zaidi, na kujenga mpya ya geji pana. Ikahitimisha kwamba kwa mzigo uliotarajiwa wakati ule, kukarabati ile ya zamani ndiko kulikokuwa na maana kiuchumi. Mpya ingehitaji mzigo mwingi zaidi ndiyo ijilipe.

Unaweza kubishana na Benki ya Dunia, na watu walibishana. Walisema nchi haijengi kwa ajili ya mzigo wa leo, inajenga kwa miaka mia. Sawa, hiyo ni hoja. Na tuseme ukweli, abiria wanaipenda hiyo treni. Jaribu kutafuta tiketi ya kwenda Mombasa wakati wa Krismasi. Lakini huo ndio mjadala tuliostahili kuwa nao kwa sauti, mapema, na namba mezani: njia tatu, bei tatu, faida tatu. Badala yake tulipewa "reli au umaskini".

Kwa hivyo mtu akikuambia "mradi huu utaleta faida ya bilioni 50", usipige makofi bado. Muulize: hizo hizo pesa zingefanya nini kwingine?

5/
SWALI LA TATU: Faida umehesabu vipi?

Kuna hesabu mbili tofauti, na siasa hupenda kuzichanganya. Ya kwanza ni ya mfuko wa mwenye mradi: ameingiza ngapi, ametoa ngapi. Ya pili ni ya nchi nzima: sisi sote tukijumlishwa, tumebaki na zaidi au pungufu?

Barabara ya kijijini haikati tiketi. Kwenye hesabu ya kwanza ni hasara tupu. Lakini mgonjwa anafika hospitalini kwa dakika ishirini badala ya saa mbili, maziwa yanafika dukani kabla hayajachacha, bodaboda haivunjiki kila wiki. Kwenye hesabu ya pili inaweza kuwa mradi bora kuliko yote. Kwa hivyo "haileti pesa" si sababu ya kutosha ya kuukataa mradi wa umma. Vile vile "inaleta pesa" si sababu ya kutosha ya kuukubali.

Sasa mitego mitatu mtakayoisikia kila siku.

Mtego wa kwanza: ajira. "Mradi utaajiri vijana 5,000." Hapa mtanichukia kidogo. Kwenye hesabu ya nchi, mshahara wa mfanyakazi uko upande wa gharama. Kijana anayechimba msingi hapa hachimbi kwingine. Kama angekaa bure bila kazi, basi gharama hiyo ni ndogo sana kwa nchi, na ni haki kuipunguza. Lakini huwezi kuuandika mshahara kama gharama halafu uuandike tena kama faida. Vinginevyo mradi bora ungekuwa kuchimba mashimo na kuyafukia, maanake hakuna unaoajiri wengi kama huo.

Mtego wa pili: kuhesabu mara mbili. "Barabara itaokoa muda wa wasafiri, na pia itapandisha bei ya mashamba." Bei ya shamba imepanda kwa nini? Kwa sababu sasa ni rahisi kulifikia. Ni faida ile ile, imevaa koti lingine.

Mtego wa tatu: ushuru. "Serikali itakusanya ushuru zaidi." Ushuru ni pesa iliyotoka mfuko wangu ikaingia mfuko wa serikali. Nchi haijatajirika kwa kuhamisha. Kilichoongezeka ni ile mali iliyozalishwa, na hiyo umeshaihesabu.

6/
SWALI LA NNE: Lini?

Nani hapa yuko kwenye chama? Sisemi chama cha siasa, nasema kile cha kuchangiana kila mwezi. Naona mikono. Haya, mkipiga kura ya zamu, nani anataka kuwa wa mwisho? Hakuna! Kila mtu anataka mwezi wa kwanza, ingawa kila mmoja atapokea kiasi kile kile. Kwa nini? Kwa sababu elfu kumi ya leo unaweza kuifanyia biashara, unaweza kulipia deni, na hujui kesho kutatokea nini.

Sasa mmeshaelewa jambo ambalo vitabu huchukua sura nzima kulieleza. Shilingi ya kesho ni ndogo kuliko shilingi ya leo. Kwenye tathmini tunaipunguza kwa asilimia fulani kila mwaka, halafu tunajumlisha.

Tufanye mfano wa kubuni. Kaunti inataka kujenga kituo cha kupozea maziwa. Gharama shilingi milioni 10 leo. Kuanzia mwaka ujao, wakulima wanaokoa maziwa ya milioni 2 kila mwaka kwa miaka 10. Mwanasiasa anajumlisha: milioni 20! Tumeweka 10, tumepata 20!

Polepole. Tupunguze kwa asilimia 10 kwa mwaka. Milioni 2 ya mwaka ujao ni kama milioni 1.82 leo. Milioni 2 ya mwaka wa kumi ni kama laki saba na sabini elfu leo. Ukijumlisha yote unapata takriban milioni 12.29. Toa 10, inabaki faida ya milioni 2.29. Bado ni mradi mzuri. Ila si ule wa "tumepata mara mbili".

Sasa tuongeze ukweli kidogo kidogo.

Umeme, mlinzi na ukarabati: tuseme laki tatu kwa mwaka. Faida inashuka kutoka milioni 2.29 hadi kama laki nne na nusu.

Turudi mwanzo, tusahau hiyo laki tatu. Mkandarasi achelewe miaka miwili tu, pesa zikiwa zimeshatoka. Faida inashuka hadi kama laki moja na nusu.

Yote mawili yatokee pamoja: hasara ya takriban milioni 1.4.

Hakuna aliyeiba hapo. Hakuna bei iliyopandishwa. Kuchelewa tu na bili ya stima vimegeuza mradi mzuri kuwa mbaya. Ndiyo maana nakasirika mtu akisema "umechelewa lakini utaisha, mna haraka gani?" Haraka tunayo, kwa sababu kuchelewa ni gharama kama saruji.

Na hiyo asilimia 10 nayo ina siasa ndani yake. Kwa miaka mingi benki za maendeleo zilitumia asilimia 10 hadi 12. Serikali ya Uingereza hutumia 3.5 kwa miradi yake. Tofauti ni kubwa: kwa asilimia 10, faida ya milioni moja itakayokuja baada ya miaka 30 ni kama shilingi 57,000 leo. Kwa 3.5, ni kama shilingi 356,000. Kiwango cha juu kinaupendelea mradi wa kulipa haraka. Kinaudharau msitu, chemchemi na kila kitu watakachokitumia watoto wetu. Kwa hivyo ukiona ripoti, tafuta hiyo namba kwanza. Imejificha ndani, lakini ndiyo inayoamua.

7/
SWALI LA TANO: Mambo yakienda mrama?

Kuna msomi wa Denmark anaitwa Bent Flyvbjerg. Mwaka 2002 yeye na wenzake walichapisha uchunguzi wa miradi 258 ya usafiri katika nchi 20. Miradi 9 kati ya 10 iligharimu kuliko ilivyotangazwa. Reli ndizo zilizozidi zaidi, kwa wastani wa asilimia 45. Baadaye wakaangalia utabiri wa abiria: kwenye reli, abiria waliopanda kwa wastani walikuwa kama nusu ya wale waliotabiriwa.

Hii si Afrika pekee. Ni Ulaya, ni Marekani, ni kila mahali. Anasema sababu ni mbili. Moja, binadamu tunajidanganya. Tunadhani yetu itakuwa tofauti. Mbili, watu wanadanganya kwa makusudi: mradi unaotajwa kwa bei ndogo na faida kubwa ndio unaopita. Mkweli anakosa pesa, mwongo anapata.

Dawa yake ni rahisi. Usiulize "mradi wetu utagharimu ngapi?" peke yake. Uliza "miradi kama huu, iliyokwisha kujengwa, iligharimu ngapi na ilichukua muda gani?" Ukitaka kujua harusi itakula pesa ngapi usimuulize bwana harusi. Waulize waliooa mwaka jana.

Mfano wa kwetu ni umeme wa upepo kule Loiyangalani, Kaunti ya Marsabit. Mitambo 365, uwezo wa megawati 310. Ilijengwa na wawekezaji binafsi, na mwaka 2017 ilikuwa tayari. Upepo upo, mapanga yapo. Lakini waya wa kuupeleka umeme Suswa, zaidi ya kilomita 400, ulikuwa jukumu la serikali, na haukuwa tayari. Mkandarasi wa waya alifilisika kabla ya kumaliza. Umeme ulianza kuingia kwenye gridi Septemba 2018.

Mkataba ulikuwa umeshasema: mitambo ikiwa tayari na waya hauko, mwekezaji analipwa. Basi mabilioni ya shilingi yakalipwa kwa umeme ambao haukuwasha hata balbu moja. Na si kwamba hatari hiyo haikuonekana. Benki ya Dunia ilikuwa imejiondoa kwenye mpango huo mwaka 2012, ikihofia kwamba Kenya italazimika kulipia umeme isioutumia.

Leo ule upepo unatupa umeme safi, na mimi siuiti mradi mbaya. Ninachosema ni kwamba mradi ni mnyororo. Ukikagua pete moja moja utasema zote ni nzima. Uliza: pete ipi iko mikononi mwa mtu mwingine, na akichelewa nani analipa?

8/
SWALI LA SITA: Nani anapata, nani analipa?

Hesabu nzuri ya jumla inaweza kuficha dhuluma. Kumi wakipata milioni kila mmoja na elfu moja wakipoteza elfu tano kila mmoja, jumla inasema tuko mbele kwa milioni tano. Waulize wale elfu moja kama wako mbele.

Turudi kwenye reli. Baada ya kufunguliwa, mizigo iliyoshuka bandarini Mombasa ilielekezwa kwa amri ipande treni hadi Nairobi. Madereva wa malori, mafundi, wenye hoteli ndogo za Mariakani na Mtito Andei, wote walisikia. Mwaka 2019 watu waliandamana Mombasa. Hapo kuna mafunzo mawili. Kwanza, kama mzigo lazima usukumwe kwa amri, basi utabiri ulikuwa na kasoro tangu mwanzo. Pili, hao watu walipaswa kuwa ndani ya hesabu, kwenye safu yao wenyewe, kabla ya reli kujengwa.

Lakini sasa sikilizeni upande wa pili, maanake sitaki mtoke hapa mkiabudu namba.

Mwaka 1965 serikali ilitoa Waraka wa Kikao Nambari 10. Pale ilisemwa wazi kwamba pesa za maendeleo ziende mahali zitakapozalisha zaidi: palipo na ardhi nzuri, mvua, barabara na umeme. Kwa hesabu kavu, ni sawa kabisa. Weka shilingi panapozaa. Matokeo yake tunayajua. Waliokuwa na barabara wakaongezewa barabara. Kaskazini ikabaki na vumbi kwa nusu karne. Na kwa sababu ilibaki na vumbi, kila hesabu iliyofuata ikasema "hakuna magari huko, lami haitalipa". Yaani umaskini uliotokana na hesabu ya kwanza ukawa ushahidi wa hesabu ya pili.

Angalia barabara ya Isiolo hadi Moyale, takriban kilomita 500. Kabla ya lami, lori lilikuwa linaweza kuchukua siku kadhaa, na wakati wa mvua hujui utafika lini. Ungehesabu magari yaliyopita pale zamani tu, usingeijenga kamwe. Magari hayakuwepo kwa sababu barabara haikuwepo.

Ndiyo maana Katiba ya 2010 haikuacha jambo hili kwa wachumi pekee. Kifungu cha 204 kinaweka Hazina ya Usawazishaji, nusu asilimia ya mapato ya serikali ya kitaifa kila mwaka, kwa maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyosahaulika. Na kifungu cha 201 kinasema mizigo na faida za pesa za umma zigawanywe kwa haki kati ya kizazi cha sasa na kijacho. Kizazi kijacho ndio sisi tuliokaa hapa. Deni la taifa limeshapita shilingi trilioni 10. Miradi iliyokopewa tukiwa shule ya msingi tunailipia sisi.

Kwa hivyo hesabu haituamulii. Inatulazimisha kusema ukweli. Ukitaka kujenga barabara ambayo hesabu inaikataa, jenga, lakini simama useme: "Tunalipa kiasi hiki zaidi kwa sababu hawa ni Wakenya na walinyimwa." Hiyo ni siasa ya heshima. Usitengeneze magari hewa kwenye ripoti ili namba ikubali.

9/
Mambo mawili ya haraka, kisha nimalize.

La kwanza ni miradi iliyokwama. Utasikia: "Tumeshatumia bilioni tatu, hatuwezi kuacha sasa." Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Bilioni tatu zimekwenda, ukimaliza au usimalize. Swali halali ni moja: kuanzia leo, kilichobaki kutumika ni kidogo kuliko faida itakayopatikana? Ikiwa ndiyo, malizeni hata kama mwanzo ulikuwa wa kipumbavu. Ikiwa siyo, wachaneni nao hata kama inauma. Na hili linakata pande zote mbili: serikali mpya ikiutupa mradi uliobakiza asilimia 10 kwa sababu ulianzishwa na mpinzani, huo ni ujinga ule ule.

La pili ni ile zahanati yenye kufuli. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwenye maendeleo. Nia ilikuwa kuzuia pesa zote zisiishie kwenye mishahara na safari. Lakini kwa lugha ya bajeti, ukuta wa zahanati ni "maendeleo", na mshahara wa muuguzi ni "matumizi ya kawaida". Basi tunapata kuta. Mgonjwa hatibiwi na ukuta. Kila mradi ukitangazwa, uliza bajeti ya mwaka wa pili, si ya mwaka wa kwanza. Nani atalipa muuguzi, dawa, stima, fundi? Na pesa hizo zimo kwenye kitabu gani?

10/
Sasa tufanye nini? Msiniambie "tutapiga kura". Kura ni mara moja kwa miaka mitano, na utepe unakatwa kila wiki.

Sheria tunazo. Kuna Kanuni za Usimamizi wa Uwekezaji wa Umma za 2022. Zinataka mradi uanze na andiko la wazo, uchunguzwe kama unafaa, utathminiwe, ndipo uingie kwenye bajeti. Yaani ripoti ya upembuzi yakinifu inatakiwa kuwepo kabla ya jiwe la msingi. Mtu akiahidi mradi na ripoti haipo, bado ana wazo tu. Mwambie hivyo kwa heshima.

Na kama ipo, una haki ya kuiona. Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 vinakupa haki ya kuomba. Huhitaji wakili. Huhitaji kueleza unaitakia nini. Andika barua au baruapepe kwa ofisi husika, taja mradi, omba ripoti ya tathmini. Wana siku 21 za kukujibu. Wakinyamaza, peleka malalamiko kwa Ombudsman.

Tujaribu kitu. Kila mmoja achague mradi mmoja wa kwao. Mmoja tu. Aombe ripoti, kisha aisome na haya maswali sita mkononi: Shida ni gani? Ikilinganishwa na nini? Faida imehesabiwaje? Lini? Yakienda mrama? Nani anapata na nani analipa?

Tukiwa watu kumi, tutakuwa na miradi kumi. Kwenye mkutano ujao wa kushirikisha umma, ule ambao watu huenda kunywa soda na kutia sahihi, simama uulize swali moja tu. Hata lile la pili peke yake. Utaona ukumbi unavyonyamaza.

11/
Namalizia. Sisemi tusijenge. Nchi hii bado ina watoto wanaovuka mito kwa kamba kwenda shule, na huwezi kuniambia hilo lisubiri hesabu za miaka kumi. Nasema tukijenga, tujenge kitu ambacho mtu atakitumia, kwa bei tunayoijua, na tukijua tumeacha nini ili tukipate.

Yule mama wa ng'ombe hana shahada ya uchumi. Lakini hajawahi kununua ng'ombe bila kujua nyasi zitatoka wapi. Hatuombi zaidi ya hapo.



12/
Mwisho wa hotuba. Ukiomba ripoti ya mradi wa kwenu, andika hapa chini ni mradi gani, ni kaunti gani, na siku uliyotuma barua. Baada ya siku 21 tutarudi kwenye uzi huu tuone nani amejibiwa. Na tafadhali, hakuna majina ya wanasiasa.